Tulivyoupima Uwanja wa Jiwe Pana

Siku yangu ya kwanza kazini, ofisi ya mipango miji Mwanza, nilifika na viatu vya kisigino, nikakaribishwa na harufu ya amonia. Mashine ya kuchapia ramani wakati ule ilitumia dawa hiyo, na asubuhi ile mhudumu alikuwa ameimwaga sakafuni. Macho yakanitiririka kabla sijajitambulisha. Mkuu wa Upimaji, mwanamume mnene aliyevaa suruali iliyopandishwa juu ya kitovu, akanitazama kutoka mezani kwake akasema, "Huyu binti analia na kazi hajaanza. Ikianza itakuwaje?" Chumba kizima kikacheka.

Nikamwambia, "Shikamoo mzee. Ni hiyo dawa yenu, si kazi."

Akaitikia marahaba huku akitikisa tumbo kwa kicheko, akanionyesha meza iliyokuwa karibu na dirisha. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya sabini, nami ndiyo kwanza nimetoka chuoni, binti wa Kihaya kutoka kwenye migomba ya Kagera, sijui hata njia ya kwenda ziwani. Nilipangiwa kazi ya mchora ramani. Wengi wenu vijana hamjaiona kazi hiyo, maana siku hizi kompyuta inafanya yote. Sisi tulichora kwa mkono juu ya karatasi angavu, ile inayoonyesha kilicho chini yake, kwa kalamu za wino zenye ncha nyembamba. Ukikosea mstari, unaukwangua kwa wembe taratibu, ukiomba karatasi isitoboke. Ikitoboka, unaanza upya, na Mkuu wa Upimaji anasimama nyuma yako akihema.

Kila matumizi ya ardhi yalikuwa na rangi yake. Kijani kilikuwa cha maeneo ya wazi, yaani viwanja vya michezo, bustani, na mahali popote ambapo watu wote wana haki ya kukanyaga na hakuna mwenye haki ya kujenga. Ningependa kuwaambia kwamba tulikipaka kijani kwa makini, lakini huo ungekuwa uongo. Mpangaji alianza na nyumba, akaja kwenye maduka, akaja kwenye barabara, na kile kilichobaki, iwe bonde la maji machafu au jabali ambalo hata mbuzi analikwepa, ndicho tulichoambiwa tukipake kijani. Mji wetu una mawe kuliko miji mingi, kwa hiyo watoto wake tuliwatengea majabali ya kuchezea. Hakuna aliyeona ajabu.

Baada ya miaka kadhaa nilipelekwa Nansio, kisiwani Ukerewe. Ofisi yenyewe ilikuwa chumba kimoja, na bosi wangu alikuwa Afisa Ardhi, mtu mkimya aliyependa kutembea kwa miguu. Nilipomkabidhi ramani yangu ya kwanza, aliitazama muda mrefu, akasema, "Mchoro msafi sana, dada Adventina. Sasa nionyeshe watu wanapita wapi."

"Barabarani, mzee."

"Barabara utaijenga wewe?" Akachukua kofia yake. "Njoo."

Tukazunguka mji mchana kutwa, tukifuata vijia kati ya mihogo na nyumba, akinionyesha wanawake wanapotua ndoo na wazee wanapokaa jioni. Muda wote wa chuo sikuwa nimefundishwa hivyo. Huko Nansio ndiko nilikojifunza pia upimaji, kushika tepu na kusoma darubini ya kupimia pembe, kwa sababu watu walikuwa wachache na kila mmoja alifanya kazi ya mwenzake. Na huko ndiko nilikompata mume wangu, Deogratias, fundi wa injini za boti, mtu wa maneno mengi na mikono yenye grisi isiyotoka.

Niliporudishwa Mwanza nyumba za serikali zilikuwa zimekwisha. Tukapanga vyumba viwili Jiwe Pana. Ni mtaa uliopanda mlima upande wa juu wa mto Mirongo, nyumba zimebanwa katikati ya majabali, mlango wa huyu unafungukia dirisha la yule. Kwenye ramani ya ofisi mtaa wetu haukuwa na kitu. Palichorwa mistari ya mshazari na kuandikwa "makazi holela", basi. Nilikuwa nikiondoka asubuhi kutoka kwenye kelele za watoto, redio na vitumbua vinavyochomwa, nafika ofisini nakuta kwetu ni mistari ya mshazari.

Kitu kimoja tu kilikuwa tambarare Jiwe Pana. Chini ya mlima, mahali barabara ya gari inapoishia, palikuwa na mwamba mkubwa uliolala chali, na kando yake uwanja wa vumbi. Asubuhi wanawake walianika dagaa na udaga wa muhogo juu ya mwamba. Mchana watoto walicheza mpira wa matambara. Jumamosi kwaya ilifanya mazoezi, na pembeni kulikuwa na bomba la maji lenye foleni ya ndoo tangu alfajiri. Lakini kazi yake kubwa ilikuwa msiba. Huko juu vijia ni vyembamba, watu wawili wakikutana mmoja anajibana ukutani. Huwezi kuketisha waombolezaji, huwezi kuinjika sufuria kubwa, huwezi hata kulaza jeneza. Kwa hiyo akifa mtu wa Jiwe Pana, maiti ilishushwa hadi uwanjani, ikalazwa juu ya mwamba, jeneza likafunguliwa, na mtaa mzima ukapita mbele yake kumuaga. Kisha gari likambeba. Tajiri na fukara, Mkatoliki, Mlutheri na asiyekuwa na dini, wote waliagiwa pale.

Aliyesimamia misiba hiyo alikuwa jirani yangu, Mama Minza, mjane wa Kisukuma, mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe. Hakuchaguliwa na mtu. Yeye ndiye aliyejua nani ana turubai, nani ana sufuria, nani amegombana na nani asikae naye karibu. Alinizoea haraka. Akiniita "Mama Koku", kwa jina la mwanangu wa kwanza, nilijua kuna kazi ya kumenya ndizi.

Ikaja miaka ya tisini. Mnasoma vitabuni kwamba nchi ilifungua milango ya biashara. Ilifungua kweli, sukari ikaonekana, nguo zikaonekana, na minofu ya sangara ikaanza kusafiri kwa ndege kwenda kuliwa na watu ambao hatutawajua. Lakini milango hiyohiyo ilitoa watu kazini. Mashirika ya umma yalipunguza wafanyakazi, na mtaani kwetu wanaume waliozoea kuamka na king'ora cha kiwanda wakawa wanashinda wamekaa vizingitini. Kila aliyepunguzwa alitafuta mahali pa kuweka genge au kibanda, na kwa hilo simlaumu mtu. Ninaowalaumu ni wengine, wale wenye fedha waliokuwa wakiingia ofisini kwetu na kutoka na kiwanja. Nilikuwa nakwangua kijani kwenye ramani kwa wembe wangu mwenyewe, kwa amri, wiki baada ya wiki. Uwanja wa mpira huu, bustani ile, ukingo wa shule fulani. Kijani cha Mwanza kiliondoka kama utando wa maziwa unavyoondolewa na kijiko.

Na miaka hiyohiyo watu wetu walikuwa wanakufa. Vijana, wazazi wa watoto wadogo. Wa rika langu wanaelewa ninasema nini. Kulikuwa na majuma ambayo moto wa msiba uwanjani haukuzimika, huu ukiondoka unaingia mwingine, na Mama Minza hakupata usingizi. Deogratias aliugua muda mrefu, naye akaenda. Walimshusha kutoka kwenye vyumba vyetu viwili vijana wa mtaa, kwa zamu, wakiweka miguu kati ya mawe kwa uangalifu kana kwamba wamebeba mayai. Wakamlaza juu ya mwamba. Nilipata kukaa karibu naye kadiri nilivyotaka, nikamfuta paji la uso, nikamwambia niliyokuwa nayo. Hakuna aliyeniharakisha. Siku ile ndipo nilipojua uwanja ule ni nini, mimi niliyekuwa nimesomea viwanja.

Muda si mrefu baadaye tukapata Mkuu wa Mipango Miji mpya. Alikuwa mwembamba, mwenye miwani, ametoka masomoni, na tofauti na waliomtangulia hakupenda kukaa ofisini. Katika mkutano wake wa kwanza alitandika ramani ya mji mezani akasema, "Kwa miaka mingi tumewapangia watu tusiowauliza. Nataka tuanze upya na mtaa mmoja uliosahaulika kabisa. Mnapendekeza upi?"

Nikasema, "Jiwe Pana."

Mkuu wa Upimaji, yule mzee wangu wa amonia, alikuwa bado yupo, amebakiza kidogo kustaafu. Akacheka. "Huyu anataka tumjengee bustani nyumbani kwake."

"Sitaki bustani, mzee. Nataka waje waone."

Wakaja. Mkuu wa Mipango Miji alikuwa amebeba mchoro wa awali aliouchora mwenyewe, wenye uzio wa chuma, viti vya saruji na maua. Mama Minza akawaita watu, wakaketi juu ya mwamba, wengine na makarai yao ya dagaa mapajani. Mkuu akaueleza mchoro. Watu wakamsikiliza kwa heshima, maana ndivyo watu wetu walivyo mbele ya mgeni mwenye miwani. Alipomaliza akauliza kama kuna maoni.

Mama Minza akasimama. "Baba, shikamoo."

Mkuu akashtuka, maana yule mama alikuwa mkubwa kwake. "Mama, mimi ndiye wa kukuamkia. Shikamoo."

"Marahaba. Nimekuamkia kwa ajili ya kazi yako. Sasa, hivi viti umeviweka wapi? Hapa? Hapa tunalaza maiti. Na hayo maua ni ya nini? Yanaliwa?"

Watu wakacheka. Mkuu naye akacheka, akavua miwani akaifuta. Kisha akafanya jambo ambalo sijawahi kuona bosi akilifanya. Akaikunja ile karatasi yake, akaiweka chini akaikalia, akasema, "Basi niambieni. Asubuhi nani anafika kwanza hapa, anafanya nini?"

Wakamweleza hadi jua likaelekea ziwani. Wiki kadhaa tulizirudia safari hizo, asubuhi, mchana, siku ya soko, siku ya msiba. Mchoro tulioutoa mwishoni niliuchora mimi, na ndio mchoro ninaoupenda kuliko yote niliyowahi kuchora. Haukuwa na uzio wala kiti. Tulichimba mtaro wa kugeuza maji ya mvua yasifagie uwanja, tukapanga miti ya kivuli pembeni tu, tukaweka sakafu ya saruji kwenye bomba, na sehemu ya gari kugeuzia. Katikati tuliacha vilevile. Mkuu wa Upimaji aliutazama akasema, "Dada, umelipwa mshahara kuchora pasipo kitu?" Mkuu wa Mipango Miji akamjibu kwa niaba yangu: "Ndiyo, mzee. Na wewe utalipwa kupalinda."

Maneno hayo hayakuwa utani. Asubuhi moja tulikuwa tumekuta mawe ya msingi yamemwagwa pembeni mwa uwanja, mtu fulani anataka kusimamisha duka. Vijana wakayaviringisha bondeni. Lakini kila mtu aliona kinachokuja. Tukakaa ofisini kutafuta kinga, na kinga tuliyoiona ni moja. Nieleze vizuri hapa, maana ndipo habari yote ilipo.

Kipande cha ardhi hakiwi kiwanja kwa macho ya sheria mpaka kipimwe. Mpimaji anakwenda na darubini, anapata pembe zake, na kila pembe anazika bikoni, yaani bomba la chuma lililoshikwa na saruji, lenye alama yake. Kisha kiwanja kinapewa namba na kuingia kwenye ramani ya upimaji. Maeneo ya wazi hatukuwa tukiyapima hivyo. Yalikuwa mabaki tu kati ya viwanja vya watu, hayana pembe wala namba. Mkuu wa Mipango Miji akasema hilo ndilo kosa letu la siku zote. "Kisicho na mipaka kinamegwa kidogo kidogo, leo kibanda, kesho ukuta. Tuupime uwanja. Tuupe bikoni na namba, tuandike matumizi yake ni eneo la wazi. Atakayegusa tutamwonyesha pembe." Sote tulikubali. Mkuu wa Upimaji, aliyekuwa na miaka mingi kuliko sisi wote katika kazi hiyo, alikubali. Nilikubali mimi.

Siku ya kuzika bikoni ilikuwa sherehe. Saruji na mchanga vilibebwa na wanawake vichwani. Mama Minza alipika uji wa mtaa mzima. Mkuu wa Upimaji, na tumbo lake, alisoma pembe mwenyewe akisema hiyo ndiyo kazi yake ya mwisho kabla ya kustaafu, na bikoni ya mwisho ilipokaa sawa wanawake wakapiga vigelegele mpaka mlima ukaitika. Mama Minza akawakusanya watoto akawaambia, "Haya mnayaona? Haya ndiyo meno ya uwanja wetu. Nikimkuta mtoto ameyakalia, mimi na yeye." Tangu siku hiyo bikoni zile zilitunzwa kama makaburi ya wakubwa. Nyasi zilipaliliwa, chokaa ilipakwa kila zilipochakaa. Niliishi nazo, niliziona.

Kisha uhamisho ukaanza, maana serikali haikuachi ukae na ulichokianzisha. Mkuu wa Mipango Miji alipelekwa mkoa mwingine, mbali. Mkuu wa Upimaji akastaafu. Nami nikapewa kituo Sengerema, nikawa navuka na kivuko cha Kamanga Jumatatu na kurudi Ijumaa, watoto nikiwaacha kwa Mama Minza. Ofisi ya Mwanza akawekwa Kaimu Mkuu, kijana nadhifu aliyenukia vizuri.

Ijumaa moja nilishuka kutoka kwenye kivuko nikapitia ofisini kusalimia. Nikakuta kwenye meza ya Kaimu Mkuu orodha ya viwanja vya kugawiwa, na namba ya uwanja wetu imo.

"Hiki ni eneo la wazi," nikamwambia. "Ni Jiwe Pana."

"Nafahamu, dada Adventina. Lakini elewa hali yangu. Kila siku wawekezaji wanaingia humu wanataka viwanja vilivyopimwa, na vilivyopimwa havipo. Hiki kimepimwa. Namba ipo, bikoni zipo, barabara inafika. Mwenyewe ndiye hayupo."

"Mwenyewe ni mtaa."

"Mtaa hauna hati." Alisema kwa upole kabisa. "Kamati ya mipango miji imeshabadili matumizi. Kinakuwa ghala."

Ndivyo ilivyokuwa. Ghala la mitumba. Jumatatu yake sikuvuka; tulikwenda kwa Mkurugenzi wa mji, mimi, Mama Minza na wazee wachache, tumevaa nguo za kanisani. Mkurugenzi alitupokea vizuri, akaagiza soda. Alimsikiliza Mama Minza mpaka mwisho, akapekua jalada, akashusha pumzi. Maneno yake ninayo hadi leo.

"Mama zangu, mnanipa tabu. Ungekuwa ule uwanja haujapimwa, ningewasaidia kirahisi. Ningesema bado, ukapimwe, ramani iende Dar es Salaam, irudi, na hapo miaka inapita na mwombaji anachoka. Lakini mmeshapima. Umeiva. Nitakataa kwa sababu gani?"

Mama Minza hakuelewa. Nikamfafanulia kwa Kiswahili chepesi pale pale mbele ya soda zetu: kwamba bikoni tulizozika kuzuia watu ndizo zilizomrahisishia mtu kupewa uwanja. Akauliza, "Kwa hiyo tuliutia namba kama ng'ombe wa mnada?"

Mkurugenzi akatazama dirishani.

Wapo wanaotaka nijilaumu, na mwanangu Koku ni mmoja wao. Sijilaumu. Tulifanya kwa kufuata kazi yetu ilivyotufundisha, tukafanya vizuri, na lau tungefanya vibaya, tukazika bikoni za ovyo na kuipoteza ramani kama wengine walivyozipoteza zao, uwanja ungekuwepo mpaka leo. Nilichonacho ni hasira. Na huzuni, ambayo kadiri ninavyozeeka inaizidi hasira.

Siku mpimaji wa yule mfanyabiashara alipokuja kukagua mipaka, nilikuwepo. Alikuwa kijana mchangamfu, hajui lolote. Akaenda pembe ya kwanza, ya pili, akazunguka zote, akarudi amefurahi. "Nimefanya kazi hii mikoa mingi," akatwambia, "kila mahali bikoni zimeng'olewa au zimefunikwa na takataka. Sijaona zilizotunzwa hivi. Hongereni sana." Mama Minza akamwambia asante. Alikuwa mtu wa adabu, na kijana alikuwa amempongeza.

Hatukukaa kimya. Lori la kwanza la matofali lilipokuja, wanawake walikuwa wameketi uwanjani, kutoka ukingo hadi ukingo, na dereva akageuza. Waliketi hivyo siku kadhaa, wakibadilishana, wakinyonyesha na kuchambua dagaa palepale. Nilidhani tutashinda. Kisha akafariki hospitalini kijana mmoja wa kule juu, na Jiwe Pana haijawahi kuwaacha wafiwa peke yao. Mama Minza akasimama, akajifunga kanga yake, akasema, "Maiti kwanza." Wakaondoka wote, wengine kwenda kuichukua maiti, wengine kupika na kukaa na mama yake. Waliporudi na jeneza jioni, uwanja ulikuwa umezungushiwa mabati na mlinzi amekaa mlangoni. Yule kijana tulimpeleka kuagwa kwenye ua wa kanisa lao. Yeye alikuwa na kanisa.

Sina mengi ya kusema juu ya miaka yangu ya mwisho kazini. Nilirudishwa Mwanza, nikapandishwa cheo, nikafundishwa kompyuta na binti aliyenivumilia sana. Ghala lilijengwa, likajaa marobota, na bomba likahamishiwa mahali penye mteremko ambako ndoo haikai. Watoto wakahamia barabarani. Nilistaafu kwa keki na hotuba, nikapewa saa ya ukutani, na Kaimu Mkuu, ambaye sasa hakuwa kaimu tena, alinisifu kwa kuchora mistari iliyonyooka.

Vijana wa mipango miji hunitembelea mara mojamoja kuniuliza juu ya kazi. Huwa nawaambia waulize watu, kama yule mwenye miwani alivyouliza, na wasipende mchoro kuliko mahali. Nawaambia kabla hujachora mtaa, kahudhurie msiba wake, uone watu wanakaa wapi na wanaanza kutafuta nafasi wapi. Wanaandika. Sijui kama inawasaidia, maana tuliyajua hayo yote Jiwe Pana, tukayafanya, na hayakutosha. Hilo ndilo jambo ninaloshindwa kulimaliza moyoni. Ningekuwa na kosa la kuwaonya mlikwepe, ningelala vizuri zaidi.

Mama Minza alifariki nikiwa tayari mstaafu, wakati wa masika. Hakuwa na kanisa wala msikiti. Alifuata mambo ya babu zake kimyakimya na kumpikia kila mtu sikukuu yake. Vijana walimtoa nyumbani kwake asubuhi, wakashuka naye kati ya mawe yaliyoteleza kwa mvua, sisi tukifuata nyuma kwa msururu mrefu. Walipofika chini, barabara yote ilikuwa matope na malori mawili ya marobota yanashusha mzigo. Wakasimama. Nyuma yao kijia kimejaa watu, mbele malori, kulia ukuta wa ghala, kushoto ukuta wa nyumba. Jeneza mabegani.

Minza, binti yake, aligeuka akanitafuta kwa macho katikati ya watu. "Mama Koku," akasema, "wewe ni mtu wa ramani. Tumlaze wapi?"

Nilitazama huku na huku. Ule mji niliujua mstari kwa mstari, na sikuona mahali pa kumwonyesha.

Basi vijana walibaki wamemshikilia juu, wakipokezana mabega, mvua ikiwanyeshea, na sisi tukajibana ukutani tukapita mmoja mmoja chini yake. Niliponyoosha mkono niligusa mbao. Mtaa mzima ulipita hivyo, watoto aliowalea, wafiwa aliowapikia, na jeneza halikufunguliwa kwa sababu halikuwa na pa kutua. Tulimuaga Mama Minza bila kumwona uso.